Ajali ina kinga: Kabla ya bima, kagua chombo

Wiki hii nataka tuzungumzie jambo ambalo kwa haraka haraka laweza kuonekana halituhusu kabisa sisi wa Tarime na Serengeti. Nalo ni ukaguzi wa hali ya meli, na jinsi ukaguzi huo unavyofungamana na bima.

Najua wapo watakaosema mtangazaji huyu leo kapotea njia. Serengeti haina bandari, ina Mto Mara wenye mamba na viboko. Tarime nayo, tangu Wilaya ya Rorya ilipomegwa kutoka kwake mwaka 2007, imebaki na milima, migomba na kahawa. Ufuko wa ziwa umebaki kwa jirani. Sasa meli za nini?

Hebu tutazame tulivyo navyo. Mbolea ya kiwandani anayoweka mkulima wetu wa kahawa au mahindi, sehemu kubwa imevuka bahari. Magari ya kubeba watalii yanayopita lango la Ikoma yameshushwa bandarini Dar es Salaam kutoka Japani. Mitambo mikubwa ya mgodi wa North Mara kule Nyamongo haikuota pale, ilikuja kwa meli. Vipuri vya bodaboda, nguo za mitumba, simu, mabati ya kuezekea, vyote hivyo vilikaa ndani ya tumbo la meli kwa majuma kadhaa kabla ya kupakiwa kwenye lori la kuja Mugumu au Sirari. Na watu wetu wenyewe je? Wapo wanaovuka kutoka Kinesi kwenda Musoma. Wapo wenye ndugu Ukerewe, Bukoba na visiwani. Kwa hiyo tusidanganyane, meli inatuhusu.

Inatuhusu zaidi kwa sababu kila chombo kinapozama, husikika maneno yale yale msibani: ajali haina kinga. Nayasikia maneno hayo mara nyingi, na nayaheshimu yanapotoka kinywani mwa mfiwa. Lakini yanapotoka kwa mwenye chombo, au kwa aliyepewa kazi ya kukisimamia, yanatia shaka. Maana ipo kazi nzima duniani, yenye wataalamu wake, vipimo vyake na sheria zake, iliyojengwa juu ya imani kwamba ajali nyingi za majini zina kinga. Kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza leo.

Bima ilivyoanza kutafuta macho

Bima ni nini? Kwa lugha nyepesi, ni watu wengi kuchanga kidogo kidogo ili yule atakayepatwa na hasara asianguke peke yake. Anayekusanya michango hiyo ni kampuni ya bima. Ili ajue kila mmoja achangie kiasi gani, lazima ajue uzito wa hatari anayoibeba. Ukienda mnadani kununua ng'ombe hulipi kwa kusikia sifa tu. Utamfungua mdomo uone meno, utamtembeza uone kama anachechemea, utamshika ngozi. Mwenye bima ananunua hatari, na hatari nayo ina meno na kwato za kutazamwa.

Mjini London, mwishoni mwa miaka ya 1600, bwana mmoja aitwaye Edward Lloyd alikuwa na mkahawa wa kuuza kahawa. Manahodha, wenye meli na matajiri waliokuwa tayari kubeba hatari za safari walikuwa wakikutana pale. Mwenye meli aliandika safari yake kwenye karatasi, na kila tajiri akatia sahihi chini yake kuonyesha kiasi atakachobeba. Jina la bwana huyo ndilo limebaki kwenye soko mashuhuri la bima la Lloyd's mpaka leo.

Lakini matajiri wale walikabiliwa na tatizo. Meli iko gatini, wao wako mkahawani. Watajuaje kwamba bodi yake haijaoza? Mwaka 1760 wakaunda chama cha kuorodhesha meli, na mwaka 1764 orodha ya kwanza ikatoka. Wakaguzi walikwenda bandarini, wakaitazama meli, wakaipa alama: herufi moja kwa hali ya bodi, nyingine kwa hali ya matanga, kamba na nanga. Baadaye alama ya juu kabisa ikawa A1. Chama hicho ndicho kilichozaa Lloyd's Register, moja ya mashirika makubwa ya kupanga daraja la meli. Kwa hiyo ukaguzi wa meli tunaoujua leo ulizaliwa na watu wa bima waliokuwa wakilinda fedha zao. Serikali zilikuja nyuma.

Sasa sikilizeni upande wa pili, maana una funzo kali. Bima bila ukaguzi haimlindi mtu. Inaweza hata kumuua. Katika karne ya 19 kulikuwa na wenye meli Uingereza waliogundua biashara ya ajabu. Unanunua meli kuukuu, unaikatia bima kwa thamani kubwa kuliko bei yake, unaijaza mzigo kupita kiasi, kisha unaituma baharini. Ikifika, umepata nauli. Ikizama, umepata fidia. Mabaharia waliziita meli hizo majeneza. Mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, alipigania jambo hilo kwa miaka mingi, hadi mwaka 1876 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuchora alama ubavuni mwa meli kuonyesha mwisho wa kuzama kwake inapobeba mzigo. Ni duara lililokatwa na mstari katikati, nayo huitwa alama ya Plimsoll mpaka leo.

Pembeni ya duara hilo huwa kuna mistari mingine midogo. Mmoja ni wa maji ya chumvi, mwingine wa maji baridi. Maji ya chumvi ni mazito zaidi, huibeba meli juu zaidi. Meli ile ile, yenye mzigo ule ule, ikiwa Ziwa Victoria itazama chini kidogo kuliko ikiwa Bahari ya Hindi. Mkaguzi anayejua kazi yake haisahau tofauti hiyo.

Macho manne juu ya meli moja

Leo meli kubwa hutazamwa na macho ya aina nne, na ni vema tuyatofautishe.

Jicho la kwanza ni la nchi ambayo meli imesajiliwa. Hapa kwetu, kwa upande wa Bara, msimamizi ni Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililochukua mwaka 2018 kazi za usalama wa vyombo vya majini zilizokuwa chini ya SUMATRA. Zanzibar wana mamlaka yao ya usafiri baharini. Mkaguzi wa serikali hutoa cheti cha kuruhusu chombo kufanya kazi, na bila cheti hicho chombo hakitakiwi kung'oa nanga.

Jicho la pili ni la bandari ya nchi nyingine. Meli ya kigeni ikitia nanga Dar es Salaam, wakaguzi wa Tanzania wana haki ya kupanda na kuikagua, na wakiikuta mbovu kuizuia isiondoke. Nchi za Bahari ya Hindi, Tanzania ikiwemo, zina makubaliano ya pamoja juu ya kazi hiyo yaliyoanza kutumika mwaka 1999.

Jicho la tatu ni la shirika la kupanga daraja, mfano wa Lloyd's Register niliyoitaja. Hili hufuata meli tangu michoro yake, kisha huikagua kila mwaka, na kila baada ya miaka mitano huifanyia ukaguzi mkubwa wa kuichunguza mbavu kwa mbavu.

Jicho la nne ni la mwenye bima mwenyewe. Hapo msikilizaji atauliza: kama serikali imekagua, na shirika la daraja limekagua, mwenye bima anatafuta nini tena? Swali zuri. Jibu lake ni kwamba shirika la daraja hulipwa na mwenye meli. Akiona linambana, anaweza kuhamia jingine. Na cheti ni karatasi inayoeleza hali ya siku ile ya ukaguzi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 meli nyingi za kubeba madini na nafaka zilipotea na mabaharia wake, na baadhi zilikuwa na vyeti vyote. Ndipo watu wa bima wakaongeza bidii ya kutuma wakaguzi wao.

Mfano ulio wazi ni wa meli ya mafuta Erika. Desemba 12, 1999 ilikatika vipande viwili karibu na pwani ya Ufaransa na kumwaga maelfu ya tani za mafuta mazito. Vyeti ilikuwa navyo. Kesi yake ilikwenda hadi Mahakama Kuu ya Rufani ya Ufaransa, na mwaka 2012 hukumu ikathibitishwa: pamoja na mwenye meli na kampuni ya mafuta, hata shirika lililoipa meli ile daraja lilitiwa hatiani. Yaani aliyetia sahihi kwamba chombo ni kizima naye aliulizwa sahihi ile ilitoka wapi.

Tena kuna vyama vya wenye meli vya kulindana, ambavyo hubeba madai ya abiria, mabaharia, uchafuzi wa maji na mengineyo. Vyama vikubwa 12 vilivyoungana hubeba dhima za sehemu kama tisa katika kumi za uzito wa meli zote za bahari kuu. Kuvielewa si kazi kwa mtu wa Mara, maana ni kama vyama vyetu vya kufa na kuzikana. Wanachama wanachanga, na mwenzao akipatwa wanamlipia. Sasa fikiri: katika chama chenu cha kuzikana, mwenzenu akiwa na tabia ya kuendesha pikipiki amelewa, je, mtanyamaza? Uzembe wake utatoka mfukoni mwenu. Ndiyo maana vyama hivyo haviipokei meli kuukuu hivi hivi. Meli yenye umri wa miaka kumi na zaidi ikiomba kujiunga, mara nyingi hutumiwa mkaguzi kwanza.

Anatazama nini

Mkaguzi huyo akipanda melini haanzi na injini, huanza na makaratasi. Vyeti vimekwisha muda? Kitabu cha matengenezo kinaandikwa, au kiliandikwa chote jana usiku kwa kalamu moja? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na meli ni mali inayobeba roho za watu.

Kisha hushuka tumboni. Hapo kuna kifaa kidogo kinachotuma mawimbi ya sauti ndani ya bati na kupima unene wake bila kulitoboa. Kutu hula bati polepole. Viwango hutofautiana, lakini mara nyingi bati likipungua kati ya sehemu moja ya tano na robo ya unene wake wa awali, huamriwa likatwe na liwekwe jipya. Rangi nzuri ya nje haimdanganyi mkaguzi, kwani kutu hupenda kukaa ndani, kwenye matangi ya maji ya kuweka uzito na kwenye pembe asikofika mtu wa rangi. Sehemu ya chini huwezi kuiona mpaka meli ipandishwe kwenye chelezo.

Hutazama vifuniko vya matundu ya kupakilia mzigo kwa kuvirushia maji ya mpira kwa nguvu, aone kama yanapenya. Huamuru pampu za kutoa maji ziwashwe mbele yake, na hakubali kuambiwa kwamba jana zilifanya kazi. Hujaribu usukani, jenereta ya dharura, ving'ora na mipira ya kuzimia moto. Huhesabu maboya na majaketi ya kuokolea, na kuona yamewekwa wapi. Jaketi lililofungiwa stoo kwa kufuli ni sawa na jaketi lisilokuwepo.

Jambo kubwa kwa meli za abiria ni mizania yake, yaani uwezo wa chombo kurudi wima baada ya kulala upande mmoja. Hupimwa kwa kuhamisha uzito unaojulikana kutoka upande mmoja kwenda mwingine na kupima meli imeinama kiasi gani. Meli ikiongezewa chumba juu, au ikibadilishwa injini, mizania yake imebadilika na inabidi ipimwe upya. Na mzigo ukiwekwa juu sana, au abiria wakisimama wote upande mmoja, ile hesabu ya mtaalamu inaharibika.

Mwisho huwatazama watu. Tarehe 6 Machi 1987 kivuko cha Herald of Free Enterprise kiliondoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, milango yake ya mbele ikiwa wazi. Maji yakaingia, kikapinduka, watu 193 wakafa. Bati halikuwa na kutu, injini ilikuwa nzima. Kilichokuwa kibovu ni utaratibu wa nani afunge mlango na nani athibitishe kwamba umefungwa. Ajali ile ndiyo iliyosukuma dunia kuweka kanuni za uongozi wa usalama melini. Mkaguzi wa leo humwuliza baharia wa chini kabisa: king'ora kikilia, wewe unakwenda wapi?

Baada ya hapo huandika orodha ya kasoro. Nyingine zitengenezwe kabla meli haijaondoka, nyingine ndani ya mwezi, nyingine meli itakapopanda chelezo. Mwenye bima akiisoma orodha hiyo ana njia kadhaa. Anaweza kukubali, kuongeza malipo, kuweka sharti kwamba bila matengenezo fulani hakuna fidia, au kukataa kabisa. Hapo ndipo ukaguzi unapopata nguvu. Mwenye chombo asiyesikia nasaha huisikia bei.

Ziwa letu limetufundisha nini

Sasa tuje nyumbani. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba, meli ya Shirika la Reli Tanzania, ilizama ikikaribia Mwanza kutoka Bukoba na Kemondo. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya madaraja ya juu peke yake ilionyesha watu 443, na daraja la tatu halikuwa na orodha. Hesabu inayotajwa ya waliokufa ni 894, wengine husema walizidi hapo. Taifa likaomboleza siku tatu, tume ya Jaji Robert Kisanga ikaundwa, na maofisa wakafikishwa mahakamani.

Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 ikazama MV Spice Islander kati ya Unguja na Pemba. Meli hiyo ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 40, na tume iliyochunguza ilisema ilibeba watu zaidi ya 2,400, mara kadhaa ya idadi iliyoruhusiwa. Mwaka uliofuata, Julai 18, 2012, ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Kisha Septemba 20, 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walizidi 220. Rais John Magufuli akavunja bodi za TEMESA, iliyokuwa ikiendesha kivuko, na SUMATRA, iliyokuwa ikisimamia usalama.

Ukizipanga ajali hizo pamoja, jambo moja linajirudia: idadi ya watu. Mtu anaweza kuniuliza, basi ukaguzi wa bodi na pampu ungesaidia nini? Swali hilo ni la haki, na ndilo linaloonyesha mpaka wa ukaguzi. Chombo kilichokaguliwa Januari kikakutwa salama kwa watu 101 si salama kwa watu zaidi ya 200 mwezi Septemba. Cheti kinasema chombo kinaweza nini kikitumiwa kwa masharti yake. Sharti likivunjwa gatini, cheti kimekufa gatini. Kwa hiyo ukaguzi wa mwaka lazima uwe na ndugu yake, ukaguzi wa kila safari: nani anahesabu vichwa, nani anatazama mstari wa maji ubavuni, na je, mtu huyo ana uwezo wa kumwambia nahodha asing'oe nanga?

Lipo na jambo la pili, ambalo nalisema kwa heshima. Katika vivuko vingi vyetu mwenye chombo ni serikali, na mkaguzi naye ni serikali. Sisemi kwamba watumishi hao si waaminifu. Nasema mkono mmoja ni vigumu kujikamata. Mwenye bima, kwa kuwa fedha zake ndizo zitakazotoka, huleta jicho lisilo la nyumbani. Ndiyo maana nadhani kila chombo cha abiria, kiwe cha umma au cha mtu binafsi, kingefaa kuwa na bima ya kweli yenye ukaguzi wa kweli, na matokeo yake yabandikwe gatini pale abiria anapokata tiketi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya usafiri wa Ziwa Victoria mwaka 2007, kwa kuwa ziwa ni letu sote, Watanzania, Wakenya na Waganda. Upepo wa ziwani hauulizi bendera.

Karatasi ya mfanyabiashara

Mfanyabiashara mmoja wa vipuri vya pikipiki hapa Tarime aliniletea hati yake ya bima ya shehena nimsaidie kuisoma. Alitaka kujua kwa nini inazungumzia umri wa meli ambayo si yake. Nadhani wapo wengi wenye swali hilo, hasa kwa kuwa tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 mwagizaji wa bidhaa kutoka nje anatakiwa kukata bima ya shehena kwa kampuni zilizosajiliwa hapa nchini, chini ya usimamizi wa TIRA.

Hati nyingi za shehena duniani hufuata vifungu vilivyotungwa London. Kimoja husema meli iwe na daraja kutoka shirika lililo mwanachama wa umoja wa kimataifa wa mashirika hayo. Husema pia kwamba meli ya kubeba mzigo wa kumwaga ikizidi miaka 10, au meli nyingine ikizidi miaka 15, malipo huongezeka, ingawa meli za makontena, za magari na zile zenye safari za ratiba hupewa nafasi zaidi. Mzee akiomba mkopo huulizwa afya yake, ndivyo na meli.

Kifungu kingine husema hivi: ikiwa wewe mwenye mzigo ulijua, wakati mzigo unapakiwa, kwamba meli haifai kwa safari, usitegemee fidia. Nanyi tazameni busara iliyomo. Mtu asiye na habari analindwa. Mtu aliyechagua meli mbovu kwa kujua, ili aokoe shilingi chache za nauli, amebeba hatari yake mwenyewe.

Ushauri wangu kwa mwagizaji ni mfupi. Mwulize wakala jina la meli, umri wake na daraja lake kabla ya kulipa nauli. Yaandike. Soma masharti ya bima yako kabla ya hasara, kwa kuwa baada ya hasara yatasomwa na wanasheria. Na usiseme hasara ya meli ni ya mwenye meli tu. Ipo kanuni ya kale ya kugawana hasara: meli ikiokolewa kwa gharama kubwa, wenye shehena wote huchangia. Meli ya Ever Given ilipokwama Mfereji wa Suez mwezi Machi 2021, mwenye meli aliitangaza kanuni hiyo. Asiye na bima hutakiwa kuweka dhamana ya fedha kabla hajapewa mzigo wake, hata kama mzigo hauna mkwaruzo.

Na mashua je?

Wengi wetu hatuna meli. Wenye vyombo Kinesi, Sota na Shirati wana mashua na mitumbwi ya mbao, wanabeba dagaa, mahindi na abiria wa Tarime wanaokwenda kuzika au kuoza. Bima kwao ni ngumu kuipata, na sababu mojawapo ni ile ile: mwenye bima hawezi kubeba hatari asiyoijua. Chombo hakina usajili, hakina kumbukumbu, hakijakaguliwa. Wakianza kujikagua wao kwa wao, kupitia vikundi vyao vya ulinzi wa ufuko, wakaandika tarehe ya kubadili ubao, kupigilia misumari na kukalafati, wakaweka idadi ya watu kwa rangi ubavuni na jaketi kwa kila abiria, watakuwa wametengeneza kitu ambacho kampuni ya bima inaweza kukisoma. Na hata bima isipokuja, watakuwa wamepunguza mazishi.

Abiria nawe una ukaguzi wako, wala hauhitaji diploma. Tazama maji yamefika wapi ubavuni. Tazama jaketi liko wapi. Tazama kama jina lako limeandikwa, maana asiyeandikwa hatafutwi. Ukiona chombo kimejaa, shuka. Najua ni vigumu, jua linazama, mazishi yanasubiri na nauli umeshalipa. Lakini nauli ya pili ni ndogo kuliko msiba wa pili.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Kwenye chombo cha majini ukuta haujengwi. Ufa usipozibwa gatini hauzibwi tena. Kwa hiyo safari ijayo mtu akisema ajali haina kinga, tumwulize kwa upole: chombo kilikaguliwa lini, na nani, na karatasi iko wapi?